Maandishi ya Nyani

Penyo Drumev hakusomea kompyuta. Alisomea lifti, na kwa lifti alikuwa fundi kweli: alisimama chini kabisa, akasikiliza nyaya zinavyolia, akakwambia kapi lipi halitafika Krismasi. Kompyuta zilimjia tu kama mafua. Shemeji yake alipohamia Uhispania alimwachia sidii ya mfumo, Penyo akaijaribu kwenye mashine ya nyumbani, ikawaka, jirani akaona. Na jirani mmoja akishaona kitu pale Smolyan, mji wa milimani Bulgaria, jengo zima limeona. Toka hapo, kila kompyuta iliyochelewa kuamka au iliyojaa virusi ilipata jibu moja: "Mwiteni Penyo aipige window upya."

Watu wa kule milimani wana imani kubwa na dawa hiyo. Mtu akikohoa watamchemshia majani, watabishana kama ni kifua au koo, watampigia simu shangazi wa kijijini. Kompyuta ikikohoa hakuna anayetaka kujua inaumwa nini. Futa, piga upya, twende tukale. Penyo naye aliipenda kazi ile kuliko alivyokubali kusema. Ni raha kuchukua kitu kilichochafuka na kukirudisha kilivyokuwa siku ya kwanza, wakati lifti, hata uitengeneze vipi, inabaki ile ile lifti kuukuu yenye maandishi ya watoto ukutani. Hakudai malipo. Alipewa chupa ya rakia, ile pombe kali ya matunda, au mtungi wa pilipili za kuokwa, na sifa juu yake, na zile sifa ndizo zilizomlewesha.

Mama Nedyalka alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mpishi mstaafu wa shule ya chekechea, mwanamke mfupi mwenye mdomo usiojua kupumzika. Mumewe, Mzee Rusi, alikuwa amefariki msimu wa majani kupukutika. Maisha yake yote Rusi alichimba madini, na maisha yake yote alipuliza gaida, ile zumari yenye kiriba cha ngozi ya mbuzi inayoguna kama mlima unaozungumza. Hapakuwa na harusi mtaani ambayo hakuipuliza. Kisha vumbi la mgodi likamdai mapafu, na mzee akajua kwamba harusi moja aliyoisubiri hataiona: ya Elitsa, mjukuu waliyemlea tangu akiwa na meno mawili.

Basi akanunua maikrofoni ndogo, akaichomeka kwenye kompyuta, na kila alipopata pumzi akajirekodi akipuliza wimbo wa kumtoa bibi harusi nyumbani. Kule msichana havuki kizingiti cha kwao bila muziki. Mama Nedyalka alikuwa akisema, "Anayetolewa nyumbani kimya ni maiti tu." Rusi alikufa, rekodi zikabaki, Elitsa akachumbiwa, na harusi ikapangwa baada ya Pasaka. Ila kompyuta ikawa haiamki.

"Ingia, mwanangu, ingia, usivue viatu."

"Navua, mama. Minka akisikia nimeingia kwa watu na viatu ataninyonga."

"Mkeo ana akili. Haya, vaa ndara za Rusi, hizo hapo." Akamwelekeza kwenye mashine, kasha kubwa la kijivu chini ya meza, juu yake kitambaa cha kufuma. "Nikiiwasha Jumatatu, inaamka Jumanne. Niliitukana, nikaibembeleza, haisikii."

"Dawa yake tunayo."

"Lakini sikiliza. Humo kuna vitu vya Rusi. Folda ya Elitsa. Ukiigusa hiyo, Penyo, nakukata masikio nayapika na maharagwe."

"Mama, mimi na diski ni kama wewe na sufuria. Umewahi kumwaga mchuzi?"

"Mara nyingi," akasema mama, akaenda jikoni kugeuza patatnik.

Pale ndipo angepaswa kusikiliza. Lakini patatnik ya Mama Nedyalka, viazi vilivyoparuzwa na jibini na mnanaa, ilikuwa ishaanza kunukia, na mtu anayesikia harufu ile husikia vingine kwa shida.

Akaiwasha mashine kwa sidii ya shemeji, apate kuchungulia diski kabla ya kuifuta. Sidii ile ilitoka ugenini na haikujua herufi za Kibulgaria, zinazofanana na za Kirusi. Kila jina lililoandikwa kwa herufi za kwao lilitokea limeharibika: nukta, alama za kuuliza, herufi za Kifaransa zenye kofia, mikia isiyo na wanyama. Wabulgaria wameuzoea uchafu huo toka kompyuta zilipowafikia, wameukuta kwenye barua pepe na kwenye maneno ya chini ya filamu, na wameupa jina: maimunitsa, maandishi ya nyani. Wakiuona hucheka, wanautupa.

Penyo akatafuta Elitsa, akamwona. Folda ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kilatini, safi kabisa: Elitsa. Akaihamishia kwenye flashi, akaridhika. Chini yake kulikuwa na folda nyingine, jina lake refu, nyani mtupu toka mwanzo hadi mwisho. Kishale kikasimama juu yake. Kuifungua kungechukua muda wa kupiga chafya. "Takataka za virusi," akajiambia.

"Penyo! Inapoa!"

"Nakuja, mama!"

Mashine ikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta kila kitu. Akabonyeza ndiyo kabla hajamaliza kulisoma swali. Waswahili husema nyani haoni kundule. Siku ile nyani alikuwa ameketi mbele ya kioo, kavaa ndara za marehemu, na kundu lake hakuliona.

Alishiba, akarudi, akamalizia kazi. Mashine ikaamka upesi kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima. Mama Nedyalka akapiga makofi, akajifuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti karibu.

"Haya, nisikilizishe Rusi wangu."

Penyo akafungua folda. Elitsa baharini. Elitsa na aiskrimu. Elitsa kamkumbatia mbwa wa watu. Akashuka hadi mwisho, akapanda tena.

"Hizo kaziweka mtoto mwenyewe," mama akasema. "Ya Rusi ni ile nyingine. Aliiandika hapa hapa, nimemsimamia, akitafuta herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Kwa ajili ya Elitsa. Iko wapi?"

Mzee yule alikuwa mchimba madini wa Kibulgaria. Angeandika kwa herufi gani nyingine? Penyo akaziangalia zile ndara miguuni mwake. Aliliona lile jina refu la nyani kama bado lipo pale, na kishale juu yake. Alijua iko wapi. Alijua nani kaipeleka huko.

"Mama," akasema, kwa sauti ile tulivu anayowatuliza nayo watu waliokwama kwenye lifti, "diski hii ilikuwa imeoza. Sehemu nyingine zimekufa. Hutokea. Umeme ukikatikakatika ghafla, diski huungua ndani kidogo kidogo."

Mama Nedyalka hakumtazama. Alitazama ukutani, kwenye soketi.

"Umeme ukikatika."

"Ndiyo."

"Kama mtu akichomoa waya? Ukutani?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kusema hapana, mama, ni mimi, na yote yakaishia pale, na masikio yakapikwa na maharagwe.

"Kwa mfano," akasema Penyo.

"Mimi huchomoa." Alikaa polepole. "Kila jioni. Naogopa radi. Rusi alinigombeza: Nedya, izime kwanza, usiing'oe kama jino. Nikamwambia ndiyo ndiyo, nikang'oa. Penyo, nimemuua mara ya pili."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisemeje?"

Penyo akainama kufungua kasha la mashine. Akasema atajaribu, ataichukua diski, ataweka nyingine ya kwake bure. Na mama, machozi yakimtiririka, akainuka akamfungia kipande cha patatnik cha kumpelekea Minka, kwa kuwa kijana wa watu kahangaika bure kwa ujinga wake yeye.

Mwongo wa kawaida husema uongo, akaenda zake. Penyo aliishi ukuta kwa ukuta na uongo wake. Mama Nedyalka hakuwa mtu wa kuficha kosa. Alilitangaza kwenye lifti, kwenye duka la mkate, kwenye benchi mbele ya mlango: "Ni mimi. Nilikuwa nang'oa waya. Marehemu alinikanya." Majirani wakamfariji, tena mbele ya Penyo, ndani ya lifti aliyoitengeneza kwa mikono yake, naye akazikodolea macho namba za ghorofa kana kwamba hazijui. Wengine walimpigapiga begani. "Angalau ulijaribu, fundi." Kila pigo lilimwingia kama msumari. Mama akaanza kuogopa kugusa waya wowote. Akabandika plasta kwenye soketi zote, hata jokofu likawa linalindwa kama mgonjwa. Mwanamke aliyepikia watoto wa mtaa mzima sasa alikuwa anamwita jirani aje kumzimia pasi.

Minka, mkewe, aliona kwamba mume hali chakula. "Una nini? Lifti imemmeza mtu?"

"Nimechoka."

"Uchovu haukimbii jirani kwa ngazi. Nimekuona jana umepanda kwa miguu ghorofa zote, fundi lifti mzima."

Kila alipotoka kazini Penyo aliifunga diski ya Rusi kwenye mashine yake, akaiachia programu ya kupekua mabaki. Kazi hiyo ni kama kupekua majivu ya nyumba ukitafuta pete. Mfumo mpya ulikuwa umelala juu ya ule wa zamani, umepondaponda kila kitu. Alipata vipande vya sauti vilivyokuwa ukelele mtupu, akavisikiliza vyote, kimoja kimoja, kwa adabu, kama mtu anayepokea adhabu. Alijua kwamba mzee alirekodi mara nyingi, na kwamba mahali fulani katika majivu yale kulikuwa na ile iliyotoka vizuri. Hiyo hakuipata. Alipata moja tu.

Ilianza na mguno wa kiriba kikijaa. Halafu zumari ikapanda, wimbo wenyewe, mzito, wa kumwambia msichana nenda na usiende. Alikuwa ameusikia mara nyingi mno kupitia ukutani. Na kabla haujafika katikati, ikaja: ngo! ngo! ngo! Chuma juu ya chuma. Zumari ikazimika na pumzi. Kimya, kikohozi kirefu, kisha sauti ya Mzee Rusi, karibu kabisa, ina kicheko ndani yake: "Basi, basi, jirani, nimesikia! Ana zamu ya alfajiri, maskini, mwacheni alale. Tutarudia kesho, Elitsa wangu, babu akipata pumzi."

Kwenye mlango wa jengo lao kuna tangazo: baada ya chakula cha mchana, hadi alasiri ianze kupoa, ni saa za utulivu. Mzee alizichagua makusudi, lifti ikiwa kimya na watoto wako ndani, maikrofoni isikie gaida tu. Penyo naye saa hizo alikuwa akilala, na kando ya kitanda chake aliweka spana, na spana ile ilikuwa na kazi moja, kugonga bomba la joto linalopita nyumba zote mbili. Haki yake. Tangazo lilimpa. Na mtu mwenye mapafu ya karatasi, aliyekusanya pumzi siku nzima kwa ajili ya mjukuu, akaishusha zumari, akamhurumia.

"Nani huyo anayegonga?" Minka alikuwa amesimama mlangoni, taulo mkononi.

"Bomba."

"Bomba linajigonga lenyewe?"

Ndipo akamweleza yote, toka nyani hadi soketi. Minka alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kwa hiyo ulimnyamazisha akiwa hai," akasema, "ukamnyamazisha akiwa kaburini. Na bibi wa watu kabandika plasta hadi kwenye jokofu."

"Naweza kukata hapa." Penyo alionyesha kioo. "Nikiacha ile gaida tu, fupi, ikakatika yenyewe. Hakuna atakayejua."

"Kata." Minka akatundika taulo begani. "Kata na sauti ya mzee. Si inamtaja jirani? Ukishazoea kufuta, futa."

Hakukata. Lakini pia hakwenda kusema. Alifika mlangoni kwa Mama Nedyalka akainua mkono, akasikia ndani anacheka na Elitsa juu ya gauni, akarudi. Siku nyingine alirudi kwa sababu mama alikuwa analia. Asubuhi ya harusi ndipo alipompa flashi, ngazini, watu wakipita na maua.

"Nimepata kipande, mama. Kifupi. Si... si kizuri."

Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akambusu paji la uso mbele za watu. "Mungu akulipe, Penyo." Katika mambo yote aliyofanyiwa siku hizo, hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mchana jengo likajaa. Watu walipangana ngazini, glasi za rakia mikononi, na spika za kompyuta zikawekwa juu ya kiti, zimeelekezwa mlangoni. Elitsa akasimama ndani ya kizingiti katika gauni lake, mkono mmoja kwenye mkono wa bibi. Mama Nedyalka akawageukia watu.

"Jamani, Rusi alimrekodia mtoto wimbo mzima. Mzima haupo. Nilikuwa nang'oa waya, mnajua wote, nimeuharibu mimi. Elitsa, mwanangu, nisamehe. Kimebaki kipande, na kipande chenyewe ni kwa mkono wa Penyo. Kwa hiyo tutatoka na kipande."

Akabonyeza. Kiriba kikaguna, zumari ikapanda, wanawake wakaziba midomo kwa viganja. Elitsa akainua mguu. Kisha: ngo! ngo! ngo! Mguu ukarudi ndani. Ikaja sauti ya mzee, basi, basi, jirani, na ngazi nzima ikapasuka kicheko na machozi pamoja, maana alikuwa ni yeye hasa, Rusi, na utani wake.

"Bibi," Elitsa akauliza, akicheka huku anajifuta, "nani huyo anayegonga?"

"Sijui, mwanangu. Labda ghorofa ya juu."

"Ni mimi," akasema Penyo.

Alikuwa amesimama ngazi ya tatu, kavaa suti yake pekee. Kicheko kikapungua, watu wakidhani utani unaendelea.

"Ni mimi niliyegonga. Na diski haikuoza. Mama hakuharibu kitu, waya haukuharibu kitu. Niliifuta mimi. Niliiona folda, sikuifungua, nikaifuta, halafu nikakudanganya. Lawama ukabeba wewe."

Mama Nedyalka alikuwa bado ameinama juu ya kipanya. Alinyooka taratibu.

"Iliandikwaje?"

"Nini, mama?"

"Folda ya Rusi. Ulipoiona. Iliandikwaje?"

"Maimunitsa," akasema Penyo. Maandishi ya nyani.

"Iliandikwa: Kwa ajili ya Elitsa," akasema mama.

Penyo alifungua mdomo, na yote yakaanza kumtoka kwa pamoja, patatnik na sidii na spana, saa za utulivu, ngazi alizopanda kwa miguu, nisamehe mama, nisamehe. Mama Nedyalka akainua kiganja.

"Nyamaza, Penyo. Wewe tumeshakusikia. Sasa nataka kumsikia yeye."

Akabonyeza tena, toka mwanzo, na Elitsa akavuka kizingiti.